Kwenda na kurudi, mzunguko, au kuvuka: klabu ichague njia gani ya kileleni?

Klabu ikishachagua mlima na tarehe, watu huchangamka wakadhani kazi kubwa imekwisha. Majina yanaingia, nauli inachangwa, na tayari kuna aliyeuliza picha ya pamoja itapigiwa wapi. Kumbe kuna uamuzi mmoja umebaki, na ndio utakaoamua siku hiyo itakwendaje: umbo la safari yenyewe. Kilele kilekile mnaweza kukifikia na kurudi kwa njia mliyopandia. Mnaweza kupanda kwa njia moja na kushuka kwa nyingine, mkatokea palepale mlipoacha magari. Au mnaweza kupanda upande huu, mkavuka kilele, mkashukia upande wa pili ambako gari linawangoja.

Nalinganisha hizo tatu kwa safari ya siku moja, bila kulala mlimani, na kwa kundi la klabu kama lilivyo kweli: watu kumi na watano au ishirini, wengine wazoefu, wengine buti zao bado zinanukia duka. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji ajue ninakoelekea. Kundi la mchanganyiko lianze kwa kufikiria kwenda na kurudi, na liondoke hapo kwa sababu inayoeleweka. Wengi huidharau njia hiyo kwa kuwa mtu anaona mandhari yaleyale mara mbili. Mimi naona kinachotangulia mandhari ni hiki: mtu mmoja akichoka saa nne asubuhi, kundi lina chaguo gani?

Hesabu ya saa kabla ya yote

Mwaka 1892 William Naismith, mpanda milima wa Scotland, aliandika kanuni ambayo vilabu vinaitumia hadi leo: saa moja kwa kila maili tatu za kwenye ramani, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa mita, hiyo ni kama kilomita 5 kwa saa, pamoja na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za mwinuko. Baadaye Eric Langmuir, mpanda milima mwingine, akaongeza hesabu ya kushuka. Mteremko wa wastani, wa nyuzi 5 hadi 12, unapunguza dakika 10 kwa kila mita 300. Mteremko mkali kuliko huo unaongeza dakika 10 kwa kila mita 300. Watu husahau hilo la pili, wakidhani kushuka siku zote ni kwepesi.

Tuchukue mlima wa mfano. Magari yanaachwa kwenye mwinuko wa mita 1,400 na kilele kiko mita 2,300. Njia ya kwenda na kurudi ina kilomita 7 kila upande na mita 900 za kupanda. Mzunguko una kilomita 16, na kwa sababu unapita juu ya vilele vidogo kwenye mgongo wa mlima, jumla ya kupanda inafika mita 1,050. Safari ya kuvuka ina kilomita 18 na mita 1,000 za kupanda.

Naismith anatupa saa nne na dakika 18 kwa kwenda na kurudi. Mzunguko unatoka saa tano kasoro dakika 3, na kama mita 600 za kushuka ni kali, ongeza dakika 20. Kuvuka ni saa tano na dakika 16. Ila kanuni hiyo ni ya mtu mwenye pumzi asiyesimama. Kundi husimama: kuvua koti, kufunga kamba ya kiatu, kujisaidia, kumngoja aliye nyuma. Kwa kundi la mchanganyiko mimi huongeza nusu ya muda wote, na ile punguzo ya mteremko wa wastani siichukui kabisa. Hapo kwenda na kurudi kunakuwa karibu saa sita na nusu, na mzunguko na kuvuka kila kimoja kinakaribia saa nane. Kwenye ramani mzunguko ulionekana umezidi kilomita mbili tu. Mguuni umezidi saa moja na nusu, na saa hiyo na nusu inaangukia alasiri, watu wakiwa wamechoka na mawingu yameshajikusanya.

Kwenda na kurudi

Faida yake kubwa ni kwamba kila hatua mliyopiga mnaijua tayari. Mkifika mahali pagumu mnapanda mkijua mtapashukia, kwa hiyo kiongozi anaweza kupima papo hapo: je, huyu aliyepanda kwa mikono na magoti atashuka hapa bila kutetemeka? Kama jibu ni hapana, mnageuka kabla tatizo halijawa kubwa. Kijito mlichovuka asubuhi mnakumbuka kina chake. Njia panda mmeziona.

Kugeuka hakuna gharama mpya. Mkiwa kilomita ya tano, magari yako kilomita tano nyuma, kwenye njia mliyokwisha kuikanyaga. Klabu yenye viongozi wawili inaweza kugawanyika kwa heshima: mmoja anashuka na waliochoka, mwingine anaendelea na wenye nguvu, na wote wanajua watakutana wapi. Tena mgawanyo huo uwe wa kushuka kweli. Tabia ya kumwambia mtu "kaa hapa tutakupitia tukirudi" siipendi hata kidogo. Hewa hupoa kwa kama nyuzi 6.5 za selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, upepo unaongeza makali, na mtu aliyekaa na fulana iliyolowa jasho hupoa upesi kuliko anavyodhani. Akikaa saa mbili peke yake, ukungu ukashuka, ataanza kutembea kutafuta joto au kuwatafuta ninyi, na hapo ndipo watu hupotea.

Kuna imani kwamba njia hii haipotezi mtu. Si kweli sana. Njia ikitazamwa kutoka juu ni njia nyingine: ile njia panda iliyofichwa na mwamba ulipokuwa unapanda, ukishuka inakuvuta kushoto kama ndiyo barabara kuu. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, wenye mita 1,345, hupandwa na wengi kwa njia moja ya kwenda na kurudi. Juu ni tambarare ya mawe, na upande wa kaskazini kuna magenge makubwa. Kwenye ukungu mzito, kupanda siyo kazi. Kazi ni kuipata njia ya kushukia. Dawa yake ni nyepesi na haina gharama: kila njia panda, kundi zima ligeuke litazame nyuma kwa muda, na mmoja apige picha ya upande ule watakaoujia wakirudi.

Ubaya wake mwingine naukubali. Njia hizi mara nyingi ndizo maarufu, kwa hiyo mnapishana na watu wengi wanaoshuka huku ninyi mnapanda. Na kwa wanachama wa siku nyingi, kurudi kunaweza kuwa kuchosha akilini.

Mzunguko

Huu ndio unaopendwa, na ninauelewa upendo huo. Mgongo wa mlima upande mmoja, bonde upande wa pili, kila kona ina jipya, na mwisho wa siku unaona umeuzunguka mlima mzima kwa miguu yako. Kwa kundi dogo la watu wanaojuana mwendo, mimi mwenyewe ningeuchagua.

Ugumu wake uko kwenye namna unavyobana uamuzi. Kwenye kwenda na kurudi, kadiri mnavyosonga ndivyo gharama ya kugeuka inavyopanda taratibu, na kila mtu anaiona. Kwenye mzunguko kuna mahali, kwa kawaida kilele chenyewe au muda mfupi baada yake, ambapo kurudi nyuma na kusonga mbele ni umbali mmoja. Mtu akiteguka kifundo cha mguu hapo, njia zote mbili ni ndefu, na ile ya mbele hakuna aliyeiona.

Halafu kuna kushuka kusikojulikana. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na waliosema hivyo ni kama waliwahi kuona kundi likishuka kwenye kokoto zinazoteleza. Mguu wa mbele unatafuta jiwe, jiwe linabiringika, kisigino kinakwenda nalo. Mtu anakaza paja kujizuia, na paja hilo limeshafanya kazi ya kupanda saa tatu. Msuli unaokazwa huku ukivutwa, kama wa paja wakati wa kushuka, huumia kuliko unaosukuma, ndiyo maana siku ya pili watu hulalamikia ngazi za kushuka. Baada ya dakika kumi anakaa na kuanza kushuka kwa makalio. Aliye nyuma yake anasimama kungoja, na kundi la watu ishirini limegeuka mstari wa nusu kilomita ambao kiongozi wa mbele hauoni mwisho wake. Jiwe likichomoka juu, linawafuata walio chini.

Ndiyo maana mwelekeo wa mzunguko ni uamuzi mkubwa kama mzunguko wenyewe. Sehemu yenye mwamba wa kushika kwa mikono ipandwe, isishukwe, maana ukipanda macho yako yanaona mahali pa kushika na pa kukanyaga. Kule Helvellyn, kaskazini mwa England, mlima wa mita 950, mzunguko unaojulikana unapanda kwa ukingo mwembamba wa Striding Edge na kushuka kwa Swirral Edge, na mpangilio huo una mantiki ya aina hiyohiyo: ule ukingo mrefu mnakutana nao mkiwa na nguvu za asubuhi.

Kama klabu inataka mzunguko, itafute wenye mlango katikati, yaani mahali ambapo aliyechoka anaweza kuuacha na kushuka. Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote Wales wenye mita 1,085, una njia mbili, Pyg na Miners, zinazoanzia sehemu moja pale Pen-y-Pass na kukutana tena chini ya kilele. Mnaweza kupanda kwa moja na kushuka kwa nyingine, na mkifika kwenye makutano wakati wa kushuka kila mtu ana uhuru: aliyechoka arudi kwa njia anayoijua. Longonot, kule Kenya, wenye kilele cha mita 2,776, ni mfano mzuri kuliko huo. Kutoka langoni mnapanda hadi ukingo wa kreta, lile shimo la volkano, na kutoka hapo ukingo wenyewe unazunguka kilomita 7 na ushei, kilele kikiwa juu yake. Ukifika ukingoni umeshapata sehemu kubwa ya uzuri wa safari. Wenye nguvu wanazunguka, wasio na nguvu wanashuka na kiongozi wa pili, na hakuna anayerudi nyumbani akijiona ameshindwa.

Mzunguko usio na mlango, mrefu, wenye mteremko mkali mwishoni, kwa kundi msilolijua: hapana. Hapo sina shaka.

Kuvuka

Safari ya kuvuka ina hadhi yake. Unaingia nchi moja na kutokea nyingine: asubuhi msitu, mchana mwamba, jioni nyasi. Lakini unaibeba safari ya pili mgongoni, nayo ni ya usafiri.

Kosa la kawaida ni dereva kuwashusha, kisha kuzunguka mlima kwenda kuwangoja upande wa pili. Saa moja baadaye mwanachama anaumwa kichwa na kutapika, inabidi arudi chini, na chini hakuna gari. Kwenye milima inayozidi mita 2,500 hilo ni la kutarajia, maana ugonjwa wa mwinuko huanza kwa baadhi ya watu kuanzia hapo, na tiba yake ya kwanza ni kushuka. Kwenye safari ya kuvuka, mtu aliye chini kidogo ya kilele anaambiwa njia ya kwenda kwenye gari inapita juu zaidi. Hilo ni jibu baya kumpa mgonjwa.

Mpango bora ni kinyume chake: magari yaachwe mwisho wa safari, na basi moja la kukodi liwapeleke wote mwanzo, asubuhi. Ndivyo wanavyofanya wengi kwenye Tongariro Crossing, New Zealand, njia ya kama kilomita 20 inayovuka eneo la volkano bila kurudi ilikoanzia. Faida yake ni kwamba jioni hakuna basi la kukimbiza. Mkichelewa saa mbili, magari yenu yapo. Na dereva wa asubuhi aombwe abaki mwanzoni hadi saa mliyopanga ya kugeuka ipite, hata kama ni kwa malipo ya ziada. Klabu isiyoweza kumudu hilo ichague umbo jingine.

Aina moja ya kuvuka inayovutia ni ile ya kupanda kwa miguu na kushuka kwa gari la kamba. Table Mountain, Cape Town, inaruhusu hivyo: watu wanapanda korongo la Platteklip na kushuka kwa gari hilo. Kwa wenye magoti mabovu ni neema. Sharti lake ni kwamba gari hilo husimamishwa upepo ukizidi, kwa hiyo kila anayepanda awe na uwezo na muda wa kushuka kwa miguu. Asiye navyo asihesabu kamba kuwa njia yake ya kurudi.

Radi hubadilisha jibu

Kuna milima na majira ambayo ngurumo za mchana ni za kawaida, na hapo ulinganisho wote unapinduka. Kwenye kwenda na kurudi mnakigusa kilele kwa nusu saa na kushuka. Kwenye mzunguko wa mgongo wa mlima mnaweza kukaa juu, wazi, saa mbili au tatu, ninyi mkiwa ndio vitu virefu kuliko vyote. Sauti husafiri kama kilomita moja kwa sekunde tatu, kwa hiyo kati ya mwanga na ngurumo mkihesabu chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na mnatakiwa kuwa mnashuka tayari. Baada ya ngurumo ya mwisho ngojeni dakika 30 kabla ya kurudi juu, ambazo kwa safari ya siku moja mara nyingi maana yake ni kwamba kilele kimeahirishwa. Utabiri ukitaja ngurumo za alasiri, mzunguko wa mgongoni uondolewe mezani jioni ya kuamkia safari, watu wakiwa bado wametulia. Ukiachwa uamuliwe mlimani, kutakuwa na mwenye kutaka "tufike tu hapo mbele."

Basi ipi?

Kundi jipya, au lenye zaidi ya theluthi ya watu msiowahi kutembea nao: kwenda na kurudi, na saa ya kugeuka itangazwe kabla ya kuanza. Kwa ule mlima wa mfano, mkianza saa moja asubuhi, ningesema saa sita kamili. Kilele kikiwa mbali au kikiwa karibu, saa sita mnageuka. Njia ileile itawafunza viongozi nani ana mwendo gani, na safari ijayo mtachagua mkijua.

Kundi la watu wanane au kumi waliotembea pamoja, siku ndefu, hali ya hewa tulivu: mzunguko, sehemu ngumu ikipandwa asubuhi, na mtu wa nyuma kabisa awe mzoefu kuliko wote. Wengi humweka mzoefu mbele. Mbele panahitaji anayejua njia. Nyuma panahitaji anayejua watu. Na kila njia panda wa mbele angoje hadi amwone kwa macho yake yule mfunga msafara.

Kuvuka kuwe kwa klabu iliyokwisha kupanda mlima huo angalau kwa upande mmoja, na ambayo kuna mwanachama aliyeushuka ule upande wa pili hivi karibuni. Ramani haionyeshi mti ulioanguka wala daraja lililosombwa.

Kama bado mnasitasita kati ya mbili, tazameni magoti kabla ya mapafu. Mwenye pumzi fupi anapanda polepole na anafika. Mwenye goti bovu anafika kileleni vizuri tu, na tatizo lake linaanza pale ambapo wengine wanadhani safari imekwisha. Fimbo mbili za kutembelea zinamsaidia sana, lakini zisibebe uamuzi wa njia.

Mkishaamua, tangazo kwa wanachama lisitaje jina la mlima na nauli peke yake. Liandike umbo la safari, kilomita, jumla ya mita za kupanda na za kushuka kila moja peke yake, saa ya kuanza, saa ya kugeuka, na majina ya wa mbele na wa nyuma. Liseme wazi kama kuna mahali pa kugawanyika na ni wapi. Mtu akisoma "mita 1,050 za kushuka, 600 kati yake kali" anaweza kujipima mwenyewe akiwa nyumbani na kusema safari hii siiwezi, niiteni ijayo. Kila mtu abebe filimbi na aijue ishara: milio sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha rudia, anayejibu hupiga mitatu. Na namba ya dereva iandikwe kwenye karatasi, nakala kwa viongozi wote, kwa sababu betri ya simu hupungua haraka kwenye baridi.